Kiti cha Nne

Jumatatu, 6 Novemba

Siku ya hamsini na tisa ya ndoa. Chizuru amenifungia chakula cha mchana, wali wenye umbo la moyo. Bosi wangu pale duka la viatu ameuliza kama kisanduku kilianguka njiani. Nimemsamehe. Hajaoa.

Jioni tukaenda ukumbini kwa baba mkwe. Ngazi ishirini na mbili juu ya duka la tambi, harufu ya supu, wazee wameinamia mbao zao za go, mchezo wa kuzingirana kwa kete, zile nyeupe na nyeusi zikilia tap, tap. Chizuru alicheza na watu watatu akawapiga wote watatu. Mimi nilicheza na mwanafunzi wa ushonaji, nikatangulizwa kete tisa za nafuu, nikashindwa. Chizuru alisema nilishindwa kwa heshima. Nani mwingine ana mke kama huyu?

Habari kubwa: Jumapili ya tarehe 19 ukumbi unatimiza miaka arobaini. Itapigwa picha. Picha hiyo itatundikwa juu ya jiko la kupasha moto chumba na haitashushwa mpaka mwaka wa hamsini. Miaka kumi!

Baba akaeleza jinsi ya kukaa. Yeye katikati. Mwenye taji la kwanza kuliani kwake, la pili kushotoni kwake. Mwenye taji la tatu atakaa upande wa nje wa yule wa kwanza, la nne upande wa nje wa yule wa pili. Wasio na taji watasimama nyuma kwa kufuata kimo.

Ukumbi una mataji matatu. Taji Kuu analo Daktari Kugimiya, mganga wa meno. Taji la Wanawake analo Chizuru wangu, nalo ni la pili. Taji la Wazee ni la tatu, analo Mzee Nukata mwenye miaka themanini na moja. La nne halipo. Maana yake kiti cha nne, kile cha kando ya Chizuru, hakina mtu.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mkwe atakaa wapi. Baba akaniangalia juu ya miwani. Akasema, una taji gani, bwana mdogo? Nikasema ninaye binti yake. Akasema hilo si taji, ni bahati, na kwa kimo changu nitasimama nyuma kabisa, kwenye kona ya miavuli.

Jumanne, 7 Novemba

Sikuweza kula vizuri. Niliwaza mjukuu atakayeiangalia picha hiyo na kuuliza, babu yuko wapi? Wamwonyeshe mwavuli.

Halafu kuna Kugimiya. Miaka mitatu iliyopita mshenga alimkutanisha na Chizuru. Wakanywa chai mara mbili. Chizuru anasema mara zote mbili alizungumzia fizi. Sina wivu. Nasema tu kwamba mtu mwenye meno meupe kiasi kile ana jambo.

Jioni nilimsaidia baba kuosha vikombe ili nimchimbe. Nilimuuliza mataji hupangwaje kwa wachezaji wa kulipwa. Uso wake ukang'aa. Akanipangia vikombe mezani. Hapa, akasema, mataji makubwa saba ya nchi. Yanadhaminiwa zaidi na magazeti, na mpangilio wake hufuata donge: lenye zawadi nono ndilo la juu, hata kama lipo jingine kongwe zaidi ambalo watu hulitaja kwa kuinamisha kichwa. Hapa mashindano yenye mipaka: ya wanawake, ya vijana, ya wazee. Hapa yale ya kasi, ya televisheni, ambapo mtu anahesabiwa sekunde. Hata ukumbi wake, akasema, anaupanga hivyo hivyo. Taji Kuu ni gunia la mchele la kilo thelathini kutoka duka la mchele. La wanawake ni matikiti matamu matatu. La wazee ni tiketi kumi za bafu la umma.

Jambo lililonipasua kichwa likaja mwishoni. Mwenye taji hachezi mchujo. Anakaa tu, anakunywa chai, wengine wanatoana jasho mwaka mzima kumpata mmoja wa kuja kumkabili.

Nilivunja kikombe kwa furaha. Kikombe cha mashindano ya vijana.

Jumatano, 8 Novemba

Mpango uko tayari. Kama sina taji ninaloliweza, litengenezwe taji linaloniweza. Taji la Maharusi: kwa waliooana ndani ya miezi kumi na miwili, wanachama wa ukumbi huu. Nimehesabu wanachama wote kwa vidole. Harusi ni moja tu. Yangu!

Nilimpelekea baba karatasi niliyoipamba kwa maua. Nilipendekeza pia kwamba mimi niwe tayari nimekaa, nikisubiri wa kunikabili. Baba akasema mtu hawezi kuzaliwa amekaa. Mwenye taji wa kwanza lazima alipate kwenye ubao. Akataka mambo matatu: mdhamini, masharti yaliyobandikwa ukutani siku tatu, na mechi isiyo na kete za nafuu, maana taji la kutangulizwa ni kama kuoa kwa mkopo.

Nikakubali yote. Mechi na nani? Sitakuwa na mpinzani hata mmoja. Nitakaa mbele ya ubao mtupu, niinamishe kichwa, nishinde.

Sijamwambia Chizuru kinachonisukuma. Itakuwa zawadi ya kushtukiza.

Alhamisi, 9 Novemba

Hesabu za leo zilikuwa nyembamba. Zawadi yangu isizidi tiketi kumi za bafu, la sivyo nitampita Mzee Nukata na kupelekwa upande wa pili. Lazima niwe wa nne. Wa nne kamili.

Nikaenda kwa Mama Otsune wa duka la achari. Nikamwomba kopo moja la figili, lile dogo. Akauliza la nini. Nilitaka kujibu kwa sentensi moja. Lakini ukinigusa upande wa Chizuru mimi huwa bomba lililopasuka. Nilimweleza tulivyokutana alipokuja kununua ndala za mvua, anavyocheka kwa puani, anavyoshika kete kwa vidole viwili kana kwamba ni yai la ndege, na kwamba nataka kukaa karibu naye miaka kumi juu ya jiko. Nilipotazama saa, nusu saa ilikuwa imekwisha na wateja wanne wamejipanga nyuma yangu wakisikiliza.

Mama Otsune alijifuta macho kwa aproni. Akauliza, kopo moja tu, mwanangu? Nikamwambia mapenzi hayapimwi kwa figili. Akasema tangu mumewe afariki hajasikia neno zuri kama hilo.

Mdhamini nimempata. Nimejipongeza kwa keki ya samaki.

Ijumaa, 10 Novemba

Tangazo limebandikwa asubuhi. Kufika jioni jina moja liko pale, mwandiko mzuri ajabu, herufi zimesimama kama maua kwenye chombo.

Ni jina la Chizuru.

Sikuwaza hilo! Katika ndoa yangu kuna watu wawili, na wote wawili wameoana ndani ya miezi kumi na miwili. Chizuru alinirukia kwa furaha. Akasema hajawahi kusikia mume aliyemtungia mkewe mashindano, tena ya watu wawili tu. Akasema hatanihurumia, maana kunihurumia ni kunidharau. Ananipenda kweli. Ataniua kabla ya kete ya sitini.

Jumamosi, 11 Novemba

Nilienda kwa baba kabla duka halijafunguliwa. Nikaomba neno moja liongezwe: wanaume. Baba akashusha pumzi ndefu. Akasema mashindano yenye mpaka anayajua, yenye mipaka miwili ameshayasikia, ila tukiendelea hivi taji litabaki la watu wanaoitwa Hisanobu kama mimi. Nikamwambia kwamba kwa kweli hilo nililifikiria.

Akaliongeza kwa kalamu nyekundu.

Daktari Kugimiya alikuwa anasoma gazeti pembeni. Hakuinua hata kichwa. "Bwana harusi," akasema, "ongeza na saizi ya kiatu, utashinda bila kutoka kitandani." Wazee wakacheka mpaka mmoja akameza mbegu ya chenza.

Chizuru aliuliza kama namwogopa. Nikasema kuogopa si neno lenyewe. Akauliza neno lenyewe ni lipi. Nikasema natafuta. Supu ya leo haikuwa na uyoga.

Jumatatu, 13 Novemba

Siku ya mwisho ya kujiandikisha. Saa kumi na moja na robo nilikuwa peke yangu kwenye orodha, nimeshika kikombe changu cha chai ya ushindi. Saa kumi na moja na nusu akapanda Mzee Nukata, ngazi moja, pumziko moja. Akaomba kalamu.

Nikamwambia kwa adabu, mzee, hii ni ya maharusi. Akasema ndiyo. Mwezi wa sita alimwoa Mama Fusae wa duka la maua, bila sherehe, ofisini kwa manispaa, wakaenda kula mkunga. Ni mke wake wa tatu, wawili wa kwanza ameshawazika. Ukumbini hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Nukata alianza kucheza go kabla baba yangu hajazaliwa.

Jumanne, 14 Novemba

Ila sijakata tamaa. Mzee Nukata ni mzito. Kete moja humchukua muda wa mtu kuchemsha yai, kulimenya na kulila. Mara nyingine anasinzia, watu wanamgusa bega. Dawa yake ni ile aina ya tatu ya baba: kasi! Sekunde thelathini kwa kila kete, kama kwenye televisheni, na msomaji wa sekunde kando.

Nilimweleza baba kwamba ukumbi una taji la wazi na mataji yenye mipaka, lakini hauna hata moja la kasi, na hilo ni pengo. Hapo nilimgusa. Pengo kwenye mpangilio humwasha kama upele. Amekubali.

Chizuru amejitolea kusoma sekunde. Uyoga umerudi kwenye supu.

Alhamisi, 16 Novemba

Nitaandika bila kujipendelea.

Mechi ilianza saa tisa alasiri. Chizuru alivaa sweta ya bluu. Alipoita "sekunde kumi" kwa ile sauti yake, nilisahau nilikuwa nacheza nini, nikaweka kete mahali ambapo hata sasa sijui ni wapi.

Mzee Nukata, kumbe, huwa mzito kwa sababu anafurahia. Akiharakishwa, hafikirii kabisa, mkono unacheza wenyewe. Tap. Sekunde mbili. Tap. Kufika kete ya hamsini kundi langu kubwa la kushoto lilikuwa limezungukwa kama kuku kwenye tenga. La kulia lilikuwa hai ila halikuwa na furaha. Kugimiya alisimama nyuma yangu akitoa sauti ile anayoitoa akiona jino bovu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mama Fusae, na kitambaa cha shingoni mkononi. Akainama kwa wote, akasema kwa upole kwamba bwana amesahau kitambaa chake, na filamu inaanza saa kumi kamili.

Mzee Nukata akatazama saa. Akatazama ubao, ushindi umejaa kama sinia la wali. Akachukua kete mbili, akaziweka ubaoni kwa pamoja, ishara ya mtu anayekubali kushindwa, na kuinamisha kichwa. Baba akasema, Nukata, unaongoza. Mzee akaanza kujifunga kitambaa. "Mataji nimeyapata mengi," akasema. "Wake nimebakiwa na mmoja."

Akaniinamia mimi, akashuka, ngazi moja, pumziko moja, mkewe amemshika kiwiko.

Mimi ni bingwa! Baba ameandika jina langu kwenye kibao cha mbao kwa wino, akitikisa kichwa, nadhani kwa fahari.

Ijumaa, 17 Novemba

Siku nzuri kuliko zote isipokuwa tisa Septemba, siku ya harusi. Nilipita ukumbini mchana kukitazama kiti cha nne. Nilikikalia. Nilikalia pia cha Chizuru kuona atakavyoniona. Mwanafunzi wa ushonaji aliniuliza kama najisikia vizuri.

Chizuru bado hajui. Alisema tu kwamba namna nilivyoshindwa mpaka nikashinda haijawahi kuonekana.

Jumamosi, 18 Novemba

Balaa.

Saa tatu Mama Otsune alileta zawadi. Ililetwa kwa mkokoteni. Pipa zima la figili, lenye mfuniko wa mbao. Juu yake mfarishi mzito wa watu wawili kutoka duka la matandiko, kwa sababu mwenye duka alikuwa mmoja wa wale wateja wanne. Wa pili aliongeza birika. Wa tatu sijui ni nani, ameleta bata aliyekaushwa. Mama Otsune akasema mapenzi hayapimwi kwa figili, lakini kopo moja lingekuwa aibu kwa mtaa. Akalia tena.

Baba alichukua karatasi akapiga hesabu. Chini ya gunia la mchele. Juu ya matikiti matatu. Taji la Maharusi ni la pili.

Nikachora viti. Baba katikati. Kugimiya kuliani. Wa pili, yaani mimi, kushotoni. Wa tatu sasa ni Chizuru, upande wa nje wa wa kwanza. Yaani kando ya Kugimiya. Na wa nne, kando yangu, Mzee Nukata.

Nimemkalisha mke wangu na mganga wa meno kwa miaka kumi. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Sikukaa. Nilikimbilia duka la matunda ninunue tikiti la nne, ili taji la Chizuru lirudi juu. Novemba. Lilikuwepo moja, ndani ya sanduku lenye utepe, bei yake inatosha jozi mbili za viatu vya ngozi. Nikalinunua. Baba akasema zawadi haiongezwi baada ya mashindano. Mama Otsune alimjulisha Jumatano, kabla ya mechi, mimi nimekuja baada. Nikamwomba apange mataji kwa ukongwe. Akasema kwa ukongwe langu ni la mwisho, ndiyo. Halafu akasema lakini hapangi kwa ukongwe. Nikasema basi nalikataa taji. Akaweka kalamu chini, akanionyesha Mama Otsune, aliyekuwa akipangusa pipa kwa leso yake, na kuniuliza kama nitamwambia mimi au amwambie yeye.

Tumelila tikiti na Chizuru. Alisema ni tamu ajabu, ila akauliza kwa nini nilikuwa nalitafuna kama mtu msibani.

Jumapili, 19 Novemba

Picha imepigwa. Nilikaa kati ya baba na Mzee Nukata, aliyenuka kafuri na kuniambia filamu ilikuwa nzuri. Chizuru alikaa huko mbali, baada ya baba, baada ya Kugimiya. Nilimsikia Kugimiya akimwambia kitu na Chizuru akicheka kwa puani. Kwa puani! Mpiga picha akasema tabasamu. Nikatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Alipiga picha kumi na moja. Baba alizitazama zote kwenye kamera, na uso wake ulibadilika polepole kama mtu anayesoma bili. Akatuita.

Katika zote kumi na moja, watu wote wametazama mbele isipokuwa wawili. Mimi nimeinama mbele kupita tumbo la baba. Chizuru ameinama mbele kupita magoti ya Kugimiya. Tunatazamana. Katika ya saba nimepepesa macho, katika ya tisa yeye ametoa ulimi kidogo.

Nikamwambia Chizuru ukweli wote, hapo hapo, mbele ya watu: kiti cha nne, figili, tikiti. Alicheka mpaka akakaa juu ya pipa. Akaniambia mimi ni mjinga wa daraja la juu kabisa, wa wazi, asiye na mipaka. Nikamuuliza kile Kugimiya alichomwambia. Akasema alimwambia, mumeo ataanguka kwenye kiti.

Chizuru akamwomba baba atundike ile ya tisa. Baba akasema kamwe. Jioni ilikuwa juu ya jiko.

Jumatano, 22 Novemba

Chizuru anasema picha ni nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa na hataki nyingine. Ana moyo wa dhahabu. Ni wazi ananifariji.

Nimepitia makosa yangu kwa utulivu. Mpango ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni taji moja zaidi.

Jana nikiosha vikombe nilimuuliza baba kama kuna aina ambayo hakunitajia. Akasita, kisha hakuweza kujizuia. Yapo ya kimataifa, akasema. Hayo hayachanganywi na mataji ya nchi, yana orodha yake peke yake. Nikauliza: na safu yake peke yake ya viti? Akasema kwa mantiki, ndiyo, lakini kwa nini nauliza. Halafu yapo ya jozi, mume na mke upande mmoja, wakiweka kete kwa zamu bila kusemezana.

Taji la Kimataifa la Jozi. Safu ya viti viwili. Viwili tu! Picha ya Mwaka Mpya.

Kinachohitajika ni jozi moja ya wageni ili liitwe la kimataifa, tena wageni wasioweza kitu. Nimeshawapata. Mume na mke, Wafaransa, wamepanga chumba juu ya duka la baiskeli mpaka majira ya kuchipua. Leo walikuja kununua soksi. Niliwauliza kama wanaujua mchezo wa go. Mume akasema wamebeba ubao kwenye baiskeli tangu nyumbani kwao, milima yote ile, ili wacheze kila jioni.

Mtu anayelazimika kufanya mazoezi kiasi hicho, ni dhahiri bado anajifunza. Kesho asubuhi naenda kwa Mama Otsune. Nitaomba kopo moja tu.